Kivumishi "Cursi" na Kisawe Kisichofaa

Mfasiri mmoja ametuletea rasimu ambamo kivumishi cha Kihispania cursi amekifasiri kwa "mshamba" au "-a kishamba" kila kilipotokea. Uamuzi huo hatuwezi kuuafiki.

Kamusi za Kihispania humweleza mtu aliye cursi kuwa ni yule anayetaka kuonekana maridadi na mwenye adabu za wakubwa, asifaulu. Uzito wa neno umo katika huko kutofaulu. Mtu wa shamba avaaye nguo za shamba si cursi hata kidogo, kwani hakujaribu lolote. Wala tajiri mwenye maringo si cursi, kwani anacho anachokiringia. Cursi ametamani, amejitahidi, amepungukiwa, na jirani yake ameona.

Neno lilienea Hispania katika karne ya 19, wakati watu wa tabaka la kati walipokuwa wakiwaiga wakubwa kwa mapato yasiyotosha. Katika riwaya ya Benito Pérez Galdós, La de Bringas (1884), mke wa mtumishi wa jumba la malkia mjini Madrid anakopa kwa siri ili apate mavazi ya fahari. Mama huyo ukimwita mshamba umemwondoa mjini, nako ndiko kulikomponza.

Joan Corominas, mtaalamu wa asili za maneno, alilihusisha neno hili na kursi ya Kiarabu cha Moroko, yaani kiti: kwanza kiti cha mwalimu, kisha mtu mkubwa, kisha ajifanyaye mkubwa. Wasomaji wanaoijua Ayatul-Kursi watavutiwa, kama tulivyovutiwa sisi. Lakini wataalamu hawajaafikiana, na hata wangeafikiana, asili ya neno haimwonyeshi mfasiri linavyotumika.

Matumizi yenyewe ni mapana. Pazia huweza kuwa cursi, na shairi pia. Mara nyingi, hasa Mexico, neno hutajia mapenzi yanayosemwa kwa utamu uliopita kiasi. Mtunzi wa nyimbo Agustín Lara alikiri bila haya kwamba yeye ni cursi. Hapo tusi limegeuzwa kuwa sifa, na mfasiri aliyeshika kisawe kimoja hana pa kushika.

Je, tuna neno? "Limbukeni" liko karibu, ila ulimbukeni huisha mtu akizoea, na cursi huweza kuzeeka nao ucursi wake. "Mshaufu" hutaja kujionyesha, haitaji kushindwa. Sisi tunaona kitenzi "kujitia" kinafaa zaidi, kwa kuwa ndani yake mna shaka ya msemaji: anayejitia bibi mkubwa, basi si bibi mkubwa. Kwa vitu tungesema "-enye madoido yasiyopendeza", na kwa nyimbo za mapenzi "-enye utamu wa kukinaisha". Mama amwambiapo binti yake "no seas cursi", "acha kujishaua" yatosha. Visawe vinne kwa neno moja si aibu. Kivumishi kwetu mara nyingi huwa kitenzi au kirai.

Rasimu tumemrudishia mwenyewe. "Mshamba" tumelifuta kila mahali, isipokuwa pale ambapo mwandishi aliandika paleto, ambalo ndilo mshamba hasa.