Vitabu vya Mwanzo vya Ibrahim Müteferrika

Wanaoandika taarikhi ya uchapaji katika nchi za Kiislamu hupenda kueleza kwamba matbaa ilichelewa kwa sababu ya maulamaa na wanakili wa mkono. Anayevifungua vitabu vya mwanzo vya Ibrahim Müteferrika, mchapaji wa Istanbul, atakuta habari nyingine, kwani maulamaa wamo ndani ya vitabu vyenyewe.

Ibrahim alizaliwa Mkristo, katika nchi ya Transylvania, akasilimu na kuingia katika utumishi wa Dola ya Kiuthmani. Hakuanza na kitabu. Kazi yake ya mwanzo inayojulikana ni ramani ya Bahari ya Marmara, iliyochongwa kwenye mbao na kuchapwa mwaka 1719 au 1720, akamtunukia Waziri Mkuu Damad Ibrahim Pasha. Baadaye alishirikiana na Said Efendi, aliyefuatana na baba yake katika ubalozi wa Paris wa mwaka 1720 hadi 1721. Mwaka 1727 Sultan Ahmed III akawapa ruhusa, ikiambatana na fatwa ya Sheikhul-Islam Abdullah Efendi. Ruhusa hiyo ilikuwa na mpaka: Qur'ani, tafsiri, hadithi, fikihi na elimu ya kalamu havikuruhusiwa kuchapwa. Riziki kubwa ya wanakili ikabaki mikononi mwao.

Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1729. Ni kamusi ya Vankulu, yaani Sihah ya al-Jawhari kwa Kituruki, juzuu mbili, nakala 1,000. Mwanzoni mwake zimechapwa amri ya Sultan, fatwa, na sifa zilizoandikwa na maulamaa. Kurasa zake zina khati ya naskhi iliyotulia, na msomaji aliyezoea hati za mkono hapati cha kumshtua. Kasoro ipo. Herufi za risasi hazikumbatiani wala kupandana kama kalamu inavyozipandisha, na mstari huonekana umekakamaa kidogo. Lakini anayetafuta neno katika kamusi hatafuti madaha ya khati. Anataka mpangilio usiobadilika, na tahajia iliyo moja katika nakala zote.

Hapo ndipo ninapoona akili ya mchapaji huyu. Alichagua vitabu ambavyo kalamu haiviwezi vyema. Mwaka 1730 alichapa habari za India ya Magharibi, yaani Marekani, pamoja na picha. Mwaka 1732 ikafuata Jihannuma ya Katib Çelebi, nakala 500, pamoja na ramani. Ramani ikinakiliwa kwa mkono mara kumi, pwani husogea na mji huhama. Ikichapwa, kosa likiwamo ni moja kwa wote, na mwenye elimu anaweza kulisahihisha. Kwa uzuri wa ukurasa na kwa manufaa, Jihannuma naiweka juu ya kamusi.

Katika ghasia za mwaka 1730 Sultan aliondolewa na Waziri Mkuu akauawa, lakini matbaa ilisalimika. Lau chuki dhidi yake ingekuwa kubwa kama tunavyosimuliwa, isingepona siku zile. Kilichombana Ibrahim zaidi kilikuwa soko. Hadi mwaka 1742 alitoa vitabu 17 tu, na alipofariki orodha ya mirathi yake ilionyesha nakala ambazo hazijauzwa.

Haya yanatuhusu. Karne moja na nusu baadaye, matbaa ya Sayyid Barghash hapo Unguja ilichapa Qamus al-Sharia, ambayo ni fikihi ya Kiibadhi, na baadaye ikachapa Himyan al-Zad, tafsiri ya Sheikh Atfayyish. Ni fani zile zile ambazo Istanbul ilizikataza. Risasi ilikuwa imekwisha kuaminiwa kubeba dini.

Hata hivyo, nimeona familia zikigawana vitabu vya marehemu, hati za mkono zikafungiwa kabatini kwa heshima, na juzuu za chapa zikatolewa kwa yeyote anayezitaka kwa kuwa "ni za matbaa tu". Juzuu iliyochapwa Unguja zama za Barghash ni ushahidi wa nani alisoma nini, nani alilipia, na elimu ilivuka bahari kwa njia gani. Itazameni kurasa ya kwanza na ya mwisho, majina na tarehe zilizoandikwa pembeni, kabla hamjaitoa nyumbani.