Uzito wa Gertie: Namna ya kupima katuni iliyochorwa kwa mkono

Anayetaka kusifu katuni ya kale aghalabu huanza na hesabu ya michoro. Hesabu hiyo tulifundishwa na Winsor McCay mwenyewe, mchoraji wa magazeti wa New York aliyejulikana kwa Little Nemo, hadithi ya picha ya kijana na ndoto zake iliyoanza kutoka gazetini mwaka 1905. Alipoigeuza kuwa sinema mwaka 1911 alitangaza kwamba ina michoro 4,000, na mwanzoni mwa filamu tunaonyeshwa watu wakimletea marobota ya karatasi na mapipa ya wino, kana kwamba mtu anajenga ghala. Filamu yake ya mbu, ya mwaka uliofuata, ilihesabiwa michoro 6,000. Gertie the Dinosaur ya 1914 ikafika 10,000, na ile ya kuzama kwa meli ya Lusitania, ya 1918, ikapanda hadi 25,000. Idadi hizi zinastaajabisha, ila hazimsaidii anayetaka kujua ipi ni kazi bora. Zinapima jasho. Kama jasho ndilo lingekuwa kipimo, filamu ya mwisho ingekuwa bora mara mbili na nusu kuliko Gertie, na sidhani kama yupo aliyezitazama zote mbili akasema hivyo. Kipimo ninachokitetea hapa ni uzito: je, kiumbe kilichochorwa kinailemea ardhi kinayosimama juu yake, na je, kinabaki hai hata pale kisipofanya lolote?

Anza na ile ya 1911, kwa sababu ndani yake kipimo hiki kinamshinda McCay, na kushindwa kwake kunatufunza jicho. Mistari ya filamu hiyo ni ya fundi aliyekomaa: safi, ya uhakika, haisiti hata kidogo. Wahusika wanarefuka na kufupika kama picha kwenye kioo kilichopinda, na Nemo mwenyewe anajiunga kutoka vistari vinavyoelea hewani. Lakini wanaelea wote. Nyuma yao hakuna chochote, chini hakuna sakafu, na anayeruka hashuki kwa kishindo. Panapobadilika ni pale joka linapowachukua Nemo na binti mfalme kinywani na kuondoka nao likielekea mbali. Hapo umbo linapungua kwa kadiri ya umbali, na kwa mara ya kwanza jicho linakubali kwamba kuna kitu kikubwa kinachosogea ndani ya nafasi. Mfaransa Émile Cohl alikuwa ametangulia mwaka 1908 na Fantasmagorie, yenye michoro kama 700 tu, na humo pia kila kitu hugeuka kuwa kitu kingine bila kizuizi. Ni raha ya aina yake, na wapo wanaoipenda kuliko yote yaliyofuata. Hoja yangu ni kwamba kugeuka ni rahisi kuliko kukaa. Mstari unaogeuka kila mara hausubiri kuulizwa kama una mifupa.

Mbu wa 1912 ndiye darasa la pili, na kwa msomaji wa kwetu hahitaji utangulizi. Amevaa kofia, amebeba mkoba, anaunoa mdomo wake, kisha anamwendea mtu aliyelala. Usicheke haraka, tazama tumbo. Kila anapofyonza, tumbo linavimba, na kadiri linavyovimba ndivyo mwili mzima unavyobadilisha mizani yake: namna ya kusimama, namna ya kunyanyuka, shida ya kuruka akiwa ameshiba. McCay hapa amegundua kwamba uzito si ukubwa. Mdudu mdogo aliyejaa damu ni mzito kuliko wale wote wanaoelea katika Nemo. Na kichekesho kinatokana na uzito huohuo, kwani mbu anapasuka kwa uroho baada ya sisi kuuona mzigo ukiongezeka tone kwa tone.

Ndipo tunapomfikia Gertie, na hapa inafaa kutazama polepole, ikiwezekana kwa kusimamisha filamu. Anatokea pangoni huko nyuma, anakuja mbele kwa kusitasita, anameza jiwe, anang'oa mti na kuutafuna. Wengi hukumbuka matendo hayo, au lile la kumrusha tembo wa kale ziwani kwa kumshika mkia. Wewe tazama nafasi zilizo kati ya tendo na tendo. Anaposimama tu, mwili unayumba kutoka mguu hadi mguu kama ng'ombe anayengoja kukamuliwa, na mbavu zinapanda na kushuka. McCay alijipima pumzi zake mwenyewe kwa saa, akahesabu zinachukua picha ngapi kwa mwendo wa picha 16 kwa sekunde, kisha akazigawa kwenye karatasi. Gertie anapoinama kunywa ziwa, ukingo wa ardhi unalegea chini yake. Anapoinua kichwa, maji yanachuruzika mdomoni. Haya si mapambo. Ukiyaondoa, kinachobaki ni ngozi ya mnyama bila mnyama.

Namna McCay alivyofanya kazi inaeleza kwa nini mnyama alimtokea akiwa hai. Badala ya kuchora mfululizo kutoka karatasi ya kwanza hadi ya mwisho, alichora kwanza mikao mikuu, mwanzo wa tendo na mwisho wake, halafu akairudia na kujaza ya katikati, kisha ya katikati ya katikati. Anayechora mfululizo huweza kupotea njiani, na mnyama akafika akiwa amenenepa au amekonda. Anayegawa huamua kwanza mwili unaelekea wapi, na hatua zote zinautii uamuzi huo. Karatasi zilikuwa nyepesi za kupenyeza mwanga, zenye alama za msalaba pembeni ili kila moja ikae sawasawa juu ya mwenzake. Pia alitumia mzunguko, yaani seti ileile ya michoro kupigwa picha tena na tena, hasa kwa pumzi na kuyumba. Wapo wanaouita mzunguko ujanja wa mvivu. Mara nyingi ni kweli, na katuni nyingi za baadaye zilijificha humo. Lakini pumzi yenyewe ni mzunguko. Uliza tu kama kinachorudiwa hurudiwa pia katika maumbile, na kama mshono unaonekana.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni hili: kwamba Gertie hakuwa mchoro bali onyesho. Ni kweli kwamba mwanzoni, Februari 1914 huko Chicago, McCay alisimama jukwaani na mjeledi kando ya pazia, akamwamuru Gertie ainue mguu, akamkaripia hadi akalia, akamrushia tofaa la kuigiza ambalo mnyama alilidaka ndani ya picha. Anayesema uhai ulitoka kwa mwanamume aliyesimama pale ana sababu. Jibu ni kutazama toleo lililosambazwa majumbani mwa sinema mwishoni mwa mwaka huo, pale mwajiri wake, William Randolph Hearst, alipokuwa hataki jukwaa limtoe mezani pa gazeti. Humo amri zimegeuzwa maandishi na McCay hayupo kando. Gertie bado anasita kabla ya kutii. Kusita huko kumechorwa. Ni michoro kadhaa ambamo karibu hakuna kinachotokea, na mchoraji asiyejiamini angeifuta ya kwanza. Jukwaa liliitumia nafasi hiyo, halikuiumba.

Kuna dosari moja ambayo mtazamaji mpya huiona kabla ya yote: miamba na miti inatetemeka. Mandhari hayo yalinakiliwa upya kwenye kila karatasi na msaidizi kijana, John Fitzsimmons, maana njia ya kuchora wahusika kwenye seluloidi angavu juu ya mandhari yasiyoguswa iliombewa hataza mwaka huohuo wa 1914, wala si na McCay. Mtetemo huo si uzuri, ingawa wapenzi wa vya kale huupenda, wala si ubaya wa kushusha thamani. Una faida moja kwa mnunuzi na mtafiti. Filamu ya bandia ya Gertie ilitengenezwa muda mfupi baadaye, dinosaria akifanya karibu michezo ileile. Ukiona miamba imetulia kabisa nyuma yake, unatazama ile ya bandia, iliyotumia seluloidi. Kisha tazama mnyama: miamba imetulia, naye ametulia pamoja nayo. Hakuna pumzi. Sijui mfano bora wa kuonyesha kwamba usafi wa picha na uhai wa kiumbe ni mambo mawili.

Mwongozo wa haki hauwezi kumpita Impie. Huyu ni mhusika wa Little Nemo aliyechorwa kama "mshenzi" wa Kiafrika, midomo minene na sketi ya majani, na yumo katika filamu ya 1911. Husemwa kwamba ndivyo magazeti ya wakati ule yalivyokuwa, na kwamba ubora wa mstari usichanganywe na tabia ya mchoraji. Nakubali la kwanza. La pili ndilo napinga, tena kwa kipimo kilekile cha fundi. Dinosaria hakuna binadamu aliyemwona akiishi. McCay alikuwa na mifupa tu, kama ile iliyosimamishwa kwenye jumba la makumbusho la New York mwaka 1905 (na katika miaka ya 1909 hadi 1913 mingine ilikuwa inachimbwa Tendaguru, Lindi, na kusafirishwa Berlin). Kutoka mifupa alitoa pumzi, aibu na ukaidi. Mwafrika, ambaye angeweza kumwona barabarani, alimpa kinyago kilichokwisha kuchorwa na wengine. Hapo mkono haukutazama, ulinakili.

Lusitania ndiyo jaribio gumu la mwisho. Meli ilizamishwa Mei 1915, watu karibu 1,200 wakafa, na McCay akatumia miezi 22 na fedha zake kuichora, safari hii kwa seluloidi. Mandhari hayatetemeki tena, moshi unajikunja kwa uzuri wa kutisha, na bahari inapanda na kushuka. Wanaoiweka juu ya Gertie huutaja uzito huohuo ninaoutetea: chombo kikubwa kinapoinama, unahisi tani zake. Wana haki kuhusu meli. Lakini watu wanaoanguka kutoka sitahani ni vitone, na mama anayezama na mtoto wake amewekwa ili tumchukie adui, hasiti, hapumui. Ni filamu ya wito wa vita, na meli ndiye mhusika wake pekee. Anayetaka kulinganisha azitazame kwa mfuatano, kwanza Lusitania pale moshi unapoifunika, kisha Gertie akiwa amekemewa, kichwa kimeinama, ubavu ukipanda na kushuka.