Kilio cha Yusufu Shimoni: Uhakiki wa Somo Moja la Shule ya Jumapili

Simulizi la Yusufu lina nafasi ya pekee katika mafundisho ya watoto wa sharika zetu za Usambara, tangu Mlalo hata Bumbuli. Mwalimu husimulia kwa nusu saa: kanzu, shimo, Misri, gereza, kisha kiti cha enzi. Baada ya hapo hutoa fundisho: lolote likupatalo ni mpango wa Mungu, basi usinung'unike. Katika makala haya twakusudia kulihakiki somo hilo, wala si simulizi lenyewe. Twadai kwamba somo hilo, kama lifundishwavyo mara nyingi, limeacha nje jambo ambalo Maandiko hayakuliacha, na kwamba hasara ya kuliacha humwangukia mtoto.

Tuanze na maandiko yenyewe. Katika Mwanzo 37 Yusufu, kijana wa miaka 17, anavuliwa kanzu, anatupwa shimoni na kuuzwa kwa vipande 20 vya fedha. Hasemi neno. Ndugu zake wanaketi kula chakula. Msomaji wa haraka aweza kudhani kwamba kijana huyu alinyamaza kwa imani, na walimu wetu hupenda kusema hivyo. Lakini tukifika 42:21 twapata habari ambayo mwandishi alikuwa ameizuia kwa muda mrefu: ndugu wale, wakiwa wameshikwa na hofu huko Misri, wanaambiana kwamba waliona dhiki ya nafsi yake alipokuwa akiwasihi, nao hawakumsikia. Kumbe alilia! Miaka zaidi ya 20 imepita, na kilio cha mtoto kinatoka katika vinywa vya wale waliokataa kukisikia. Sisi twaona hapa ustadi mkubwa wa usimulizi, na tena twaona theolojia. Mwandishi hakukisahau kilio kile. Alikihifadhi.

Yafaa kuuliza pia ni nani anayeutaja mpango wa Mungu katika simulizi hili, na ni lini. Si ndugu waliotenda ubaya, wala si Potifa, wala si mkuu wa gereza. Ni Yusufu mwenyewe, aliyedhulumiwa, na anautaja katika 45:5-8. Ukihesabu kwa 41:46 na 45:6, alikuwa na umri wa miaka 39. Yaani miaka 22 imepita tangu shimo. Kabla ya hapo, alipokuwa gerezani, hakusema kwamba yote ni mapenzi ya Mungu. Alimwomba mkuu wa wanyweshaji amkumbuke mbele ya Farao, akaeleza waziwazi kwamba aliibwa kutoka nchi yake na kwamba hakutenda kosa la kumtia gerezani (40:14-15). Na hata mwishoni, katika 50:20, anapokiri kwamba Mungu alikusudia mema, hauiti ubaya wa ndugu zake kwa jina jingine. Anautaja kuwa ubaya, kisha anaiweka kazi ya Mungu kando yake.

Sasa na tuyalete haya kwenye maisha ya mtoto wa milimani. Masika imeharibu barabara ya udongo ya kuteremkia Soni. Kabeji za baba zimeoza gunia kwa gunia kabla ya kufika Mombo. Viatu vya shule vilivyoahidiwa havikununuliwa. Mtoto anauliza kwa nini. Ajibiwapo kwamba Mungu amepanga hivyo, amefundishwa mambo mawili kwa pamoja: kwamba Mungu ndiye aliyemnyima viatu, na kwamba kuuliza ni utovu wa imani. La kwanza ni geni kabisa kwa Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529. Luther, akieleza Kifungu cha Kwanza cha Imani, anavitaja viatu na mavazi miongoni mwa vitu ambavyo Mungu humpa mtu kila siku. Na katika ombi la mkate wa kila siku anaingiza hata serikali njema, hali ya hewa nzuri na majirani waaminifu. Kwa hiyo mtoto aliyekosa viatu ana haki ya kuviomba kwa Mungu, na vilevile ana haki ya kuuliza kuhusu barabara. Kama fedha za viatu ziliishia kilabuni, basi jina la Mungu limetumiwa kufunika kosa la mtu mzima, na hapo tumeivunja Amri ya Pili mbele ya mtoto tunayemfundisha Amri.

Wazee wa Kishambaa walilijua swali hili kwa namna yao. Njaa na ukame havikupokelewa kwa kunyamaza. Watu waliuliza ni nani anayeiharibu nchi, kubana shi, na ni nani awezaye kuiponya, kuzifya shi. Mwanahistoria Steven Feierman ameyachunguza maneno haya kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya wakulima wa Usambara. Hatusemi kwamba imani ile ya mvua na wafalme ni Injili. Twasema kwamba mjukuu wa watu waliouliza hivyo asifanywe na kanisa kuwa mtu asiyeuliza.

Watoto hao wanalo pia simulizi lao la aliyekataliwa. Katika Habari za Wakilindi, aliyoiandika Abdallah bin Hemedi na iliyochapishwa upya mwaka 1962, Mbegha ni kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, ambaye kwa desturi hakutakiwa kuishi. Wazazi wanamficha. Akiwa mkubwa, jamaa zake wanamnyima urithi. Anaondoka Ngulu na mbwa wake, anawinda nguruwe wanaoharibu mashamba ya Washambaa, anawagawia watu nyama, na mwisho anakuwa mfalme huko Vuga. Mwalimu anayelinganisha Mbegha na Yusufu hajakosea, na tungependa wengi zaidi wafanye hivyo. Ila ulinganifu huo una mtego wake. Mtoto aweza kuondoka akiamini kwamba ufalme ndio ushahidi wa mpango: vumilia, nawe utakuwa mkubwa. Mwanzo haisemi hivyo. Yusufu anaposema sababu ya kupelekwa Misri hataji cheo chake kuwa ndilo lengo. Anataja watu walio hai kwa sababu ya nafaka. Kwa Mbegha nako, nyama inagawiwa kabla ya ufalme.

Na yule asiyefikia kiti chochote? Mwaka 1896 paliwekwa Lutindi, katika milima hii hii, makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Baadaye pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, nayo ingali ipo. Watoto wale waliuzwa kama Yusufu, na hapakuwa na Farao aliyewavika pete. Somo letu la nusu saa lingewaambia nini? Twaona kwamba lingekuwa kelele masikioni mwao. Luther katika Hoja za Heidelberg za mwaka 1518 alimtofautisha mwanatheolojia wa utukufu, aitaye ubaya wema, na mwanatheolojia wa msalaba, aitaye kitu kwa jina lake halisi. Binti yake Magdalena alipofariki mwaka 1542, mwenye umri wa miaka 13, Luther aliliungama tumaini la ufufuo huku akilia waziwazi, wala hakuona kwamba kimoja chakitangua kingine.

Wako watakaosema kwamba mtoto mdogo hawezi kubeba mambo mazito namna hii, na kwamba anahitaji jibu fupi la kumtuliza. Pingamizi hili lina uzito kidogo, kwani mtoto ahitaji kutulizwa kweli. Lakini hutulizwa na mtu anayeketi naye zaidi ya anavyotulizwa na sentensi, na jibu fupi humtuliza mtu mzima kabla ya kumtuliza yeye.

Twapendekeza jambo moja kwa wanafunzi wetu wanaokwenda mazoezini sharikani. Simulizi la Yusufu lisimalizwe kwa Jumapili moja. Somo likomee 40:23, pale mnyweshaji anapomsahau, na watoto warudi nyumbani Yusufu akiwa bado gerezani, kwa maana kuanzia hapo Maandiko yenyewe yanahesabu miaka miwili mizima. Katika juma hilo wajifunze Zaburi ya 13, ambayo katika aya zake mbili za mwanzo inamuuliza Mungu mara nne ni mpaka lini. Na Jumapili ifuatayo, kabla ya kufungua sura ya 41, mwalimu awaulize wao wangependa kumwuliza Mungu nini, kisha asikilize majibu yote mpaka mwisho.