Kugonga Viganja katika Persona 5

Wako wahakiki waonao kwamba michezo ya video haistahili kusomwa kama isomwavyo tamthiliya, kwa kuwa vitendo vyake ni vingi na maneno ni machache. Sababu hiyo haitoshi. Jukwaani pia, kumwinamia mtu au kumnyima mkono kwaweza kusema mengi kuliko hotuba nzima. Lipasalo kuulizwa ni kama kitendo kina kazi katika kisa, au kimetiwa kwa pambo tu.

Tutazame Persona 5, mchezo wa kampuni ya Atlus uliotolewa Japani mwaka 2016. Wahusika wake ni wanafunzi wa Tokyo wavaao vinyago na kuwaumbua watu wazima walio wadhalimu. Katika mapigano, ampigaye adui penye udhaifu wake hupata zamu ya pili, naye aweza kuitumia mwenyewe au kumwachia mwenziwe. Akimwachia, wawili hao hugonga viganja kwa furaha, na apokeaye hupiga kwa nguvu zaidi ya kawaida yake. Ni jambo la kufumba na kufumbua. Hata hivyo ndani ya shangwe ile mna kutoa, maana mmoja amejinyima pigo ili mwingine azidishiwe.

Army of Two ya mwaka 2008 haina kutoa kwa namna hiyo. Humo askari wawili wa kukodiwa hupongezana, na hata huzishika bunduki zao kama wapigao gitaa, kwa kubonyeza kitufe tu. Sura ya kwanza ya kisa chao ni Somalia, mwaka 1993. Msomaji wa Afrika ya Mashariki, aijuaye Somalia kuwa jirani yake, hataona wepesi wa kucheka pamoja nao.

Turudi Tokyo. Jina la tendo hili katika Persona 5 limetoka katika mbio za kupokezana vijiti, nalo, nionavyo, si jina la bure. Ryuji Sakamoto, mmoja wa wenzi wa kwanza wa shujaa, alikuwa mkimbiaji wa shule mpaka mwalimu Kamoshida alipomvunja mguu, na timu yao ya riadha ikavunjwa. Kijana aliyenyang'anywa uwanja apewa kijiti mahali pengine, na kwa mkono wa rafiki.

Tena katika toleo lile la 2016 kijiti hakikupatikana ovyo. Kwa wenzi walio wengi, ilimpasa mchezaji kwanza kukaa na mtu, kumsikiliza shida zake, na urafiki ukue. Ndipo huyo aweze kupokezana zamu na wengine. Persona 5 Royal, ya mwaka 2019, iliondoa sharti hilo. Wote waweza tangu mwanzo, na nguvu ya tendo huongezwa kwa kwenda kurusha vishale pamoja. Atakayesema kwamba vishale navyo ni urafiki hakosei sana, na hapana shaka mapigano yamekuwa matamu zaidi. Lakini hadithi imepungukiwa. Watu waliokutana jana wagonga viganja kama ndugu wa miaka mingi, na mchezaji hajawasikiliza hata jioni moja.