Debe Livumalo

Wahenga walisema kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Methali hii nimeitumia mara nyingi mbele ya wanafunzi wapendao maneno kuliko kazi. Lakini siku moja niliitumia vibaya, na kosa hilo ndilo lililonisukuma kuandika insha hii.

Jioni moja, katika chuo cha ualimu nifundishacho, nilipita karibu na bweni nikasikia mngurumo wa magitaa. Kijana mmoja alikuwa akisikiliza muziki uitwao hevi metali, naye amevaa fulana nyeusi yenye picha ya fuvu. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba huo ni uvumi wa debe tupu, tena ni muziki wa mashetani. Aliniuliza kwa adabu, “Mwalimu, umepata kusikiliza wimbo wake mmoja tangu mwanzo hata mwisho?” Sikuwa na jibu. Mimi niwafundishaye wengine kuhakiki vitabu nilikuwa nimehukumu kazi nisiyoijua! Basi nilikwenda nikasikiliza.

Muziki huu una mizizi yake Uingereza, katika mji wa Birmingham, mtaa wa Aston, penye viwanda vingi. Mwaka 1965 kijana wa miaka 17, Tony Iommi, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho kazini, kabla ya kuondoka kuufuata muziki, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye alikuwa mashoto, kwa hiyo vidole hivyo ndivyo vilivyobonyeza nyuzi za gitaa lake. Alikata tamaa. Msimamizi wake akamsikilizisha santuri ya Django Reinhardt, aliyepiga gitaa kwa ustadi mkubwa ingawa moto ulikuwa umemharibu vidole viwili mwaka 1928. Iommi akapata moyo. Aliyeyusha plastiki ya chupa, akajifanyia vifuniko vya vidole, akavivika ngozi. Akatafuta nyuzi nyembamba zisizomwumiza, na katika santuri ya mwaka 1971 akazilegeza. Uzi uliolegea hutoa sauti nene ya chini. Basi uzito ule tunaoudhania kuwa ni ghadhabu ya shetani, chanzo chake kimojawapo ni kidonda cha mfanyakazi.

Pamoja na Ozzy Osbourne, Geezer Butler na Bill Ward, Iommi aliunda kundi la Black Sabbath, nalo likatoa santuri yake ya kwanza tarehe 13 Februari 1970. Wimbo wa kwanza huanza kwa mvua, radi, na kengele iliayo mbali. Kisha gitaa hutoa sauti tatu, polepole, na ile ya tatu huangukia mahali ambapo sikio haliridhiki. Msikilizaji hungoja sauti itulie, nayo haitulii. Hofu ya wimbo huu imejengwa kwa kungojesha kuliko kwa kelele, na huo ni ufundi. Maneno yake ni ya mtu aliyeona kiumbe cheusi mbele yake, akashikwa na hofu, akamlilia Mungu amsaidie. Mwenye kumwabudu shetani hamkimbii! Walakini sisemi kwamba kila kitu ni kizuri. Maneno ni machache na mepesi, na kama yangeondolewa gitaa, yasingesimama peke yake kama shairi.

Je, shetani alitoka wapi? Sehemu moja alitoka dukani. Ndani ya jalada la santuri ile kampuni ilichapa msalaba uliopinduliwa, na wanamuziki wamesema kwamba hawakuulizwa. Mwaka huo huo walitengeneza santuri ya pili, wakataka iitwe War Pigs, jina la wimbo uwalaumuo wakubwa wanaoanzisha vita na kuwaachia maskini kupigana. Huo ulikuwa wakati wa vita vya Vietnam. Kampuni ikaipa santuri jina la Paranoid, ambao ni wimbo mfupi uliotungwa haraka ili kujaza nafasi. Mtu mwenye upanga na ngao aliyechorwa kwa ajili ya jina la kwanza akabaki juu ya jalada bila maana. Tazama, msomaji, jinsi biashara ilivyochagua: kitisho kilitiwa katika jalada, na lawama juu ya vita ikaondolewa.

Wenye kuhukumu kwa jalada walikuwapo hata mahali pa heshima. Tarehe 19 Septemba 1985 kamati ya Seneti ya Marekani ilisikiliza malalamiko ya wazazi juu ya nyimbo. Mwimbaji Dee Snider aliitwa akaeleza kwamba wimbo wake mmoja, ulioshutumiwa kuwa unasifu ukatili, ulihusu hofu ya mgonjwa anayekwenda kupasuliwa hospitali. Mwaka huo makampuni yalikubali kubandika onyo juu ya santuri. Wazazi walikuwa na haki ya kujua watoto wao wanasikia nini, lakini kibandiko hakimfundishi mtoto kusikiliza.

Lakini haki ina pande mbili. Huko Norwe, mwanzoni mwa miaka ya 1990, baadhi ya wanamuziki wa tawi moja la muziki huu walichoma makanisa, na mwaka 1994 mmoja wao alihukumiwa kwa uchomaji na kwa kuua mtu. Kitisho kilichokuwa mchezo kwa wengine, wao walikifanya tendo. Anayepuuza jambo hili kwa kuupenda muziki hana tofauti nami niliyeulaani bila kuusikia.

Tarehe 5 Julai 2025 wazee wanne wa Black Sabbath walirudi Aston, wakapiga kwa mara ya mwisho katika uwanja wa Villa Park. Osbourne, ambaye maradhi yalikuwa yamemdhoofisha, aliimba akiwa ameketi. Mapato yaliwekewa ahadi ya kusaidia, miongoni mwa wengine, hospitali ya watoto ya mji wao. Siku 17 baadaye Osbourne alifariki.

Nilimrudia yule kijana nikamwomba radhi mbele ya wale wale niliomwaibisha mbele yao. Sikumwambia kwamba nimeupenda muziki wake, maana ningesema uongo. Masikio yangu yangali yanapenda taarabu. Nilimwambia kwamba debe huvuma likiwa tupu, na pengine huvuma kwa sababu limepigwa. Mwenye busara hulifunua kwanza, akatazama ndani, ndipo akasema.