Kugel: Ukoko Juu, Ulaini Chini

Ukitaka kumpima mpishi wa kugel, usianzie katikati ya chombo. Omba kipande cha pembeni. Huko ndiko tambi zilikokauka zikapiga rangi ya kahawia, na ukoko unalia ukiuma. Chini yake mayai, sukari na tufaha vimeshikana, laini kabisa. Asiyeijua kazi hii hukupa kimoja tu kati ya hivyo viwili.

Kugel, tambi zilizookwa na mayai, ni chakula cha Sabato cha Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki. Jua likishazama Ijumaa, washika dini hawawashi moto wala hawapiki hadi Jumamosi usiku. Basi chakula cha moto cha Jumamosi mchana sharti kiwe kimeingia tanurini mapema. Zamani, katika miji midogo ya Poland na Lithuania, familia zilipeleka vyungu kwa mwoka mikate kabla ya magharibi, vikalala katika joto la tanuri mpaka kesho yake. Kugel ya Jerusalem hadi leo huachwa tanurini usiku kucha, nayo hutiwa sukari iliyounguzwa na pilipili manga. Naam, pilipili manga. Onja kwanza, ndipo ubishe.

Ya matunda haihitaji usiku mzima, ila inahitaji mkono usio na pupa. Tambi pana za mayai, gramu 350 hivi, huchemshwa na kuepuliwa zikiwa bado ngumu kidogo ndani, kwani zitamalizia kuiva tanurini zikinywa maji ya mayai na ya tufaha. Ukiziivisha kabisa jikoni, utapata bokoboko. Halafu zingoje zipoe, maana yai likikutana na tambi za moto huganda vipande vipande papo hapo. Mayai 4, sukari nusu kikombe, mdalasini, zabibu zilizorowekwa, maana zabibu kavu ikibaki juu huungua ikawa chungu. Tufaha ziwe 3, za ukakasi. Mpishi mwenye akili hukuna mbili ziyeyuke, ya tatu akaikata vipande ili jino liikute.

Ninachokistahi zaidi ni mafuta. Chombo huingia tanurini na mafuta yake peke yake hadi yapate moto hasa, ndipo mchanganyiko unamiminwa, chaaa! Hapo ndipo ukoko wa chini unapozaliwa. Wa juu hutengenezwa kwa uma: unazivuta ncha za tambi zisimame, zipigwe na moto. Kisha nyuzi 180, karibu saa nzima.

Ipo pia ya jibini na malai, ambayo haikai meza moja na nyama kwa kuwa sheria ya Kiyahudi haichanganyi nyama na maziwa. Ni tamu, lakini malai huficha makosa ya mpishi. Ya mafuta haifichi kitu.

Wapishi wetu wa pwani wanaopalia makaa juu ya mfuniko wataielewa upesi kazi hii. Kama huna tanuri, chukua sufuria nzito, weka makaa machache chini na mengi juu. Na ikishaiva, tafadhali, usiikate kabla ya dakika 20 kupita. Ikikatwa ya moto humomonyoka.