Rauta Husikia Kwanza

Rauta ya nyumbani ina kazi mbili, na wanunuzi wengi huipima kwa moja tu. Kazi ya kwanza ni ya modemu iliyomo ndani yake: kusikia mawimbi ya mnara ulio mbali na kuyageuza yawe data. Kazi ya pili ni kuigawa data hiyo kwa Wi-Fi, ifike kwenye simu, kompyuta na televisheni za nyumba nzima. Kwa kuwa siku hizi zote mbili hukaa ndani ya boksi moja, tumezoea kuliita lote rauta, na watengenezaji nao huandika kwa herufi kubwa juu ya kasha sifa za ugawaji, maana ndizo zenye tarakimu kubwa. Hoja yangu ni kwamba kwa mtu anayeishi mkoani Rukwa, iwe Sumbawanga, Laela, Matai au Namanyere, mpangilio huo ugeuzwe. Kwanza tuulize rauta inasikiaje, pili inavumiliaje umeme wetu, na ugawaji uje wa mwisho. Rauta isiyosikia haina cha kugawa.

Chukua kasha lililoandikwa AC1200. Mtu akisoma haraka hudhani atapata megabiti 1,200 kwa sekunde. Namba hiyo ni jumla ya njia mbili za Wi-Fi, takriban 300 za masafa ya gigahezi 2.4 na 867 za gigahezi 5, nayo ni kasi ya juu kabisa ya kihesabu kati ya rauta na simu iliyo chumba hicho hicho. Sasa pindua kasha usome maandishi madogo. Ukikuta LTE Cat4, yaani daraja la nne la 4G, modemu iliyomo haiwezi kushusha zaidi ya megabiti 150 kwa sekunde, hata ikiwa chini ya mnara, peke yake, saa nane za usiku. Na mnara wenyewe ni wa mtaa mzima, hivyo jioni kila mtu anapofungua simu yake, kinachofika nyumbani ni sehemu ndogo tu ya hizo 150. Ni kama kujenga barabara ya njia nane uani kwako wakati daraja la kuingia kijijini linapitisha gari moja moja. Tena mahitaji ya familia si makubwa kama kasha linavyodokeza. Filamu ya picha angavu hutaka takriban megabiti 5 kwa sekunde, na kikao cha video kwa kawaida hutaka pungufu ya hapo. Megabiti 20 zisizoyumba zinawatosha watu wanne. Kinachotutesa ni kuyumba, na kuyumba mara nyingi huanzia kwenye usikivu.

Usikivu nao hutegemea nchi ilivyolala. Mji wa Sumbawanga uko uwandani, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, na Milima ya Mbizi imesimama kati yake na bonde la Ziwa Rukwa, ambalo liko chini kwa karibu mita 1,000. Juu uwandani, kwenye mashamba ya mahindi na maharage yaliyo wazi, mnara mmoja huweza kufikia nyumba zilizo mbali sana. Ukishuka kuelekea Mtowisa, ukingo wa bonde hukata mawimbi kama ukuta. Hapo ndipo masafa yanapokuwa jambo la kwanza. Mawimbi ya megahezi 700 na 800 husafiri mbali na kupenya kuta kuliko ya 1800, na nchini mwetu 4G imejengwa juu ya masafa ya aina zote hizo. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliuza kwa mnada masafa ya 700 mwaka 2018, na mnada mwingine ukafuata mwaka 2022. Kwenye maelezo ya rauta masafa haya huandikwa kwa namba za bendi: B28 ni 700, B20 ni 800, B3 ni 1800. Rauta iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani mara nyingi haina B20 wala B28. Itawaka na taa zake zitapendeza, lakini haitausikia mnara ambao simu ya bei ndogo ya jirani inausikia. Wafipa, wenyeji wa uwanda huu, walioyeyusha chuma kwenye malungu, zile tanuru ndefu za udongo zilizobaki huku na huko uwandani, walitegemea matundu ya chini yavute hewa bila mivukuto. Matundu yakikosewa, urefu wa tanuru haukusaidia kitu. Bendi na antena ndiyo matundu ya rauta.

Mjuzi hupima, hakisii kwa vistari vya mtandao. Fungua ukurasa wa rauta kwenye simu, kwa kawaida kwa kuandika 192.168.8.1 au 192.168.1.1 kama lebo ya chini inavyoelekeza, kisha tafuta namba iitwayo RSRP. Ni namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo usikivu unavyokuwa bora: –85 ni nzuri, –100 inavumilika, –115 ni ya kuhangaika. Kila hatua ya 10 ni nguvu mara kumi. Rauta ikisoma –105 juu ya kabati, kisha –95 dirishani upande wa mnara, umepata mara kumi bila kulipa hata shilingi. Karibu na namba hiyo kuna nyingine, SINR, inayolinganisha sauti ya mnara na kelele zilizopo. Ikizidi 10 mambo ni mazuri. Ikishuka chini ya 0, mnara unasikika lakini maneno hayaeleweki. Vipimo hivi ndivyo vinavyoonyesha kwa nini rauta iliyofichwa juu ya dari, chini ya mabati, hufanya vibaya: matofali ya kuchoma hupunguza mawimbi, lakini bati huyarudisha yalikotoka. Kwa hiyo rauta isiyoonyesha namba hizi ipunguzie alama. Yenye matundu ya kuchomeka antena ya nje iongezee, hasa kama nyumba iko nyuma ya kilima. Antena ya kuelekeza ikifungwa juu ya paa huweza kuokoa nyumba ambayo boksi lolote la ndani lingeshindwa, mradi waya wake uwe mfupi, maana waya mrefu hula mawimbi njiani.

Baada ya sikio, uvumilivu. Kwa miaka mingi Rukwa iliishi nje ya gridi ya Taifa, ikitegemea umeme wa kutoka Zambia na jenereta za dizeli, na kukatika kwa umeme tunakujua. Kinachoua rauta mara nyingi si kukatika, ni kurudi: umeme hurudi kwa kishindo na adapta huungua. Chagua rauta inayotumia volti 12, kwa sababu betri za volti 12 za sola zimejaa madukani. Betri ndogo ya 12V 7Ah ina wati-saa 84. Hata ukitumia nusu tu ili isiharibike, rauta inayokula wati 6 itakaa saa 7. Weka kidhibiti volti kati yake na rauta, kwa kuwa betri inayochajiwa huweza kupita volti 14. Kisha kuna radi. Masimulizi ya radi ya kutumwa ya Sumbawanga yameenea nchi nzima, lakini fundi makini huiona kuwa ni umeme unaotafuta njia, nao huingia kwa waya wa umeme, waya wa antena na waya wa shaba wa simu. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua ikinguruma, chomoa vyote, si adapta peke yake. Antena ya nje bila waya wa kupeleka umeme ardhini ni mwaliko wa hasara. Faiba ina faida kubwa hapa, kwani nyuzi za kioo hazipitishi umeme.

Lebo ya chini nayo inasomeka. Rauta ya 4G ina namba ya IMEI yenye tarakimu 15 kama simu. Itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, na jibu lilingane na jina na toleo lililo kwenye boksi. Simu bandia zilizimwa nchini Juni 2016, na hakuna sababu ya kununua rauta yenye utambulisho wa kughushi. Uliza pia kama inakubali laini zote. Mtandao wenye nguvu mjini unaweza kuwa dhaifu Laela, na rauta iliyofungwa kwa laini moja huhama nyumba bila kuhama mtandao.

Kuna pingamizi zinazostahili jibu. Wapo wasemao simu yatosha, iwashwe hotspot. Kwa mtu mmoja mwenye bando dogo, wana haki, asinunue. Lakini simu huondoka na mwenyewe, na mwanafunzi aliyebaki nyumbani hubaki bila mtandao. Tena betri ya simu huchoka kwa joto. Wengine husema rauta ya kampuni ya simu ni nafuu. Ni kweli, na ni chaguo zuri ikiwa umeweka kwanza laini ya kampuni hiyo kwenye simu, ukaipima nyumbani kwako jioni kwa siku kadhaa. Unafuu kabla ya kipimo ni bahati nasibu. Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba 5G na faiba zinakuja, basi tununue vya kesho. Vodacom ilizindua 5G nchini mwaka 2022, lakini masafa yake ya juu, kama 3500, hufika karibu na huzuiwa upesi na kuta, hivyo hufaa kwanza penye watu wengi. Nyumba iliyo kilomita nane kutoka kwenye mnara haitanufaika nayo. Kuhusu faiba, jibu limo ndani ya tundu moja: chagua rauta ya 4G yenye tundu la WAN. Siku faiba ikifika Kizwite au Chanji, fundi ataleta modemu yake, ataichomeka hapo, na rauta yako itaendelea kugawa, huku laini ikibaki akiba siku faiba ikikatika.

Ugawaji sasa unaweza kuzungumzwa, na hauhitaji maneno mengi. Gigahezi 2.4 hupita kuta za matofali, gigahezi 5 huenda kasi sebuleni; rauta yenye zote mbili inatosha nyumba ya vyumba vinne. Badili nywila iliyokuja nayo siku ile ile. Dukani, acha tarakimu za mbele ya kasha, uligeuze, umwombe muuzaji akuonyeshe bendi, volti na tundu la WAN. Kama hawezi kuonyesha B28 au B20, bei yoyote aliyotaja ni kubwa mno.